Spotify for Artists na wasikilizaji wasiokuwepo: tathmini kwa mameneja wa wasanii

Dashibodi ya Spotify for Artists, ukurasa wa takwimu ambao jukwaa la muziki la Spotify huwapa wasanii, haikubuniwa ili kukamata wezi. Ilibuniwa ili msanii ajue nyimbo zake zinasikilizwa na akina nani, wapi na kwa kiasi gani. Hata hivyo, tangu mwanzoni mwa 2024, Spotify ilipoanza kuwatoza lebo na wasambazaji (kampuni zinazopeleka nyimbo za wasanii kwenye majukwaa) faini kwa kila wimbo unaokutwa na usikilizwaji bandia uliokithiri, dashibodi hiyo imegeuka kuwa chombo cha kwanza, na kwa wengi chombo pekee, ambacho meneja wa msanii wa Dar es Salaam, Mombasa au Kampala anaweza kukitumia kujua kama namba anazojivunia zimeletwa na watu au na mashine. Tathmini hii inakipima chombo hicho kwa kazi hiyo moja tu; uzuri wa kurasa zake na zana zake za kutangazia albamu vina wahakiki wengine.

Yafaa kwanza kueleza kinachoibiwa, kwa kuwa wasanii wengi bado wanadhani kununua wasikilizaji ni ujanja usiomdhuru mtu. Spotify hailipi bei iliyopangwa kwa kila mara wimbo unapopigwa. Mapato ya usajili na ya matangazo hukusanywa katika mfuko mmoja kwa kila nchi, kisha kila mwenye haki hupata fungu linalolingana na sehemu yake katika jumla ya usikilizwaji. Kwa hiyo akaunti bandia zinapoongeza namba za mmoja, fungu la wengine wote hupungua, hata la yule anayeimba taarabu Zanzibar na asiyejua kwamba kuna mashindano ya namba. Nchini Ufaransa, taasisi ya umma ya muziki, Centre national de la musique, ilichapisha Januari 2023 utafiti ulioonyesha kuwa mwaka 2021 kulikuwa na usikilizwaji bandia wa kati ya mara bilioni 1 na bilioni 3, yaani kati ya asilimia 1 na 3 ya muziki wote uliosikilizwa kwenye majukwaa nchini humo. Hesabu hiyo ilihusu ule uliogunduliwa tu, kwa takwimu za majukwaa yaliyokubali kuzitoa, ambayo ni Spotify, Deezer na Qobuz. Beatdapp, kampuni ya Vancouver inayouza huduma ya kugundua udanganyifu huo, husema kiwango cha dunia ni angalau asilimia 10. Muuza chandarua hawezi kukwambia kuwa mbu ni wachache, kwa hiyo mimi hubaki karibu na hesabu ya Wafaransa, nikijua kuwa ni ya chini.

Dashibodi yenyewe ni ya bure, na mtu huingia baada ya kuthibitishwa kuwa ndiye msanii au ni mmoja wa timu yake. Kwa kazi yetu vipimo vinavyofaa ni idadi ya mara wimbo uliposikilizwa, idadi ya wasikilizaji, idadi ya waliouhifadhi au kuuweka kwenye orodha zao, na chanzo cha usikilizwaji huo. Namba ya kwanza ndiyo inayopigiwa matarumbeta mitandaoni, na ikiwa peke yake haisemi lolote. Ukweli huanza kuonekana pale unapoigawanya kwa namba ya pili. Tuseme wimbo umepigwa mara 40,000 katika wiki moja. Kama wasikilizaji ni 900, kila mmoja ameusikiliza zaidi ya mara 44 kwa wiki, jambo ambalo mama mzazi wa msanii huenda akalifanya, lakini si watu 900. Hiyo ni alama ya akaunti chache zinazozungushwa bila kupumzika. Wauzaji wajanja zaidi huacha alama ya kinyume: wasikilizaji 38,000 kwa mara 40,000, karibu kila mmoja mara moja tu, na waliouhifadhi wimbo hawazidi 20. Watu halisi 38,000 hawawezi kukutana na wimbo, wakausikiliza hadi ukahesabiwa, kisha wakaondoka wote bila hata mmoja kati ya elfu kuutaka tena. Meneja anayeangalia uwiano wa kwanza bila wa pili atamkamata mwizi mzembe na kumwacha mwenzake apite.

Kesi iliyoamuliwa Machi 2024 na mahakama ya Aarhus, Denmark, inaonyesha nguvu ya kugawanya namba kwa namba. Mwanamume mmoja alitiwa hatiani kwa kujipatia takriban krona milioni 2 za mirabaha kutokana na usikilizwaji bandia wa mamia ya nyimbo kati ya 2013 na 2019. Katika wiki moja, nyimbo 244 zilisikilizwa mara milioni 5.5, na akaunti 20 ndizo zilizochangia sehemu kubwa ya idadi hiyo. Spotify huhesabu kuwa wimbo umesikilizwa baada ya sekunde 30, na wiki ina sekunde 604,800. Akaunti moja isiyolala, inayotumia kifaa kimoja na kuruka kwenda wimbo mwingine mara tu sekunde ya 30 inapotimia, haiwezi kuvuka mara 20,160 kwa wiki. Akaunti 20 za namna hiyo zingefikisha mara 403,200, ambazo hazifiki hata sehemu ya kumi ya milioni 5.5. Kuliona hilo hakukuhitaji akili mnemba, bali mtu wa kukaa chini na kupiga hesabu.

Sehemu bora ya dashibodi ni ile ya orodha za nyimbo, na hapa Spotify inastahili sifa bila kusita. Usikilizwaji uliotoka kwenye ukurasa wa msanii umetenganishwa na ule uliotoka kwenye maktaba na orodha binafsi za wasikilizaji, kwenye orodha zinazopangwa na wahariri wa Spotify, kwenye zile zinazopangwa na algoriti, na kwenye orodha za watumiaji wengine. Kisha orodha zinazoongoza zinatajwa kwa majina, pamoja na aliyezitengeneza na idadi iliyotoka humo. Udanganyifu mwingi wa kiwango cha chini huja kupitia mlango huo wa mwisho. Muuzaji wa promo hujitokeza Instagram au WhatsApp, huahidi mara 10,000 au 50,000 kwa bei fulani, na hupachika wimbo kwenye orodha yenye wafuasi wengi isiyo na msikilizaji hata mmoja. Spotify yenyewe inawaonya wasanii kuwa huduma yoyote inayoahidi idadi ya kusikilizwa kwa malipo si halali, lakini onyo hilo halimfikii kijana anayeona mshindani wake amefikisha laki tano kwa siku nne.

Ukiifungua orodha ya namna hiyo utaitambua upesi. Wimbo wa injili kutoka Mwanza umekaa kati ya roki nzito ya Ujerumani na sauti ya mvua ya kulalia, na hakuna ladha wala hali inayoziunganisha. Mchoro wa siku kwa siku nao hujieleza. Wimbo ulioshika kwa watu hupanda, huyumba kati ya siku za kazi na za mapumziko, na hushuka taratibu. Ule uliopachikwa hupanda ghafla Jumanne isiyo na tukio lolote, hukaa kwenye kimo kilekile kila siku, kisha huanguka karibu na sifuri siku muda uliolipiwa unapoisha. Urefu wa nyimbo pia husema jambo. Orodha moja iliyoendeshwa kutoka Bulgaria mwaka 2017, na ambayo vyombo vya habari vya muziki viliifichua mapema 2018, ilijaa nyimbo zilizovuka kidogo tu sekunde 30. Ubaya ni kwamba msanii anaweza kujikuta katika orodha chafu bila kulipa chochote, kwa sababu wenye mashamba ya akaunti, yaani akaunti bandia nyingi zinazoendeshwa kwa pamoja, huchanganya humo nyimbo za watu wasiohusika ili zile za wateja wao zisijitenge. Meneja anayefungua sehemu hii kila wiki ataiona orodha ngeni ikiwa bado changa. Anayeifungua mara moja kwa mwaka atakutana nayo kwenye barua ya msambazaji.

Kipimo cha miji kinasifiwa sana, nami nakipunguzia alama. Nadharia yake ni nyepesi: wimbo wa Kiswahili unapopata ghafla maelfu ya wasikilizaji Ashburn, Virginia, au Frankfurt, miji yenye vituo vingi vya data, kuna jambo halijakaa sawa. Nadharia hiyo inafaa kwa mwanamuziki wa Uswidi kuliko kwa wa kwetu. Wakati wa Uchaguzi Mkuu wa Oktoba 2020, mitandao ya kijamii ilipobanwa Tanzania, watu walikimbilia VPN, na simu iliyokuwa Sinza ikaonekana kwenye mtandao kuwa iko Ulaya. Wapo walioendelea na mazoea hayo. Mwimbaji wa taarabu ambaye mji wake wa tatu ni Muscat naye hana kosa, kwa kuwa kuna familia nyingi huko zenye asili ya Zanzibar na zinazozungumza Kiswahili hadi leo. London na Minneapolis zina Waswahili na Wakenya wa kutosha kuinua wimbo. Frankfurt peke yake si ushahidi. Frankfurt pamoja na orodha ya mvua na roki, bila mtu aliyehifadhi wimbo, huo ni ushahidi. Kwa upande mwingine, kipimo hiki kina faida ambayo vingine havina: hata asiye na ruhusa ya kuingia kwenye dashibodi anaweza kuona miji mitano inayoongoza kwenye wasifu wa msanii, na promota anayetaka kumpeleka msanii Arusha afanye hivyo kabla ya kutoa malipo ya awali.

Kasoro kubwa ya dashibodi hii ni kwamba inaonyesha jumla, ilhali ushahidi wa udanganyifu umo katika mistari ya kumbukumbu: akaunti gani, kifaa gani, saa ngapi na sekunde ngapi. Mwaka 2018 gazeti la Norway la Dagens Næringsliv lilidai kuwa namba za albamu mbili mashuhuri kwenye TIDAL, jukwaa jingine la muziki, zilikuwa zimeongezwa kwa mamia ya mamilioni, dai ambalo TIDAL ililikanusha. Msingi wa dai hilo ulikuwa kumbukumbu ghafi zilizochunguzwa na wataalamu wa chuo kikuu cha NTNU, ambao walikuta usikilizwaji unaojirudia kwa nyakati zinazolingana isivyo kawaida, hadi kwenye milisekunde. Hakuna jumla ya wiki wala ya mwezi ambayo ingefichua jambo hilo, na jumla ndizo pekee anazopewa msanii.

Spotify inayo mistari yote. Inapoamua kuwa wimbo una usikilizwaji bandia, huondoa namba, hunyima mirabaha ya sehemu hiyo na humpelekea msambazaji taarifa. Msambazaji naye humpelekea msanii barua pepe fupi na, pale ambapo karibu usikilizwaji wote umeonekana kuwa bandia, hukata faini iliyoripotiwa kuwa kiasi cha euro 10 kwa wimbo. Wapo wasambazaji wanaouondoa wimbo wenyewe ili kujikinga na faini inayofuata. Msanii hapewi mistari iliyomtia hatiani. Kwa msanii wa Afrika Mashariki hilo lina uzito wa pekee, kwa sababu kampuni za simu huwaunganisha wateja wengi nyuma ya anwani moja ya intaneti, na spika moja au simu moja huzunguka kati ya ndugu na marafiki. Tabia ambayo kwa Stockholm ingefanana na shamba la roboti inaweza kuwa ni bweni la chuo Morogoro usiku wa kutoka kwa albamu. Sidai kuwa Spotify huwachanganya wasikilizaji hao na roboti. Ninachodai ni kwamba atakayechanganywa hana karatasi ya kujitetea nayo. Isitoshe, tangu 2024 wimbo usiofikisha mara 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi mirabaha ya kurekodi hata senti, kwa hiyo msanii aliyefikisha 1,150 akiondolewa 200 anapoteza malipo yote ya wimbo huo, na si ya hizo 200 tu.

Kuna pia udanganyifu ambao chombo hiki hakiwezi kuuona kwa namna yoyote, kwa sababu umetawanywa makusudi. Hati ya mashtaka iliyowasilishwa New York Septemba 2024 dhidi ya Michael Smith wa North Carolina inadai kuwa alijipatia zaidi ya dola milioni 10 za mirabaha kwa mamia ya maelfu ya nyimbo zilizotengenezwa na akili mnemba. Hesabu inayonukuliwa humo, ya mwaka 2017, ni ya kushangaza kwa unyofu wake: akaunti 1,040, kila moja ikisikiliza nyimbo 636 kwa siku, jumla mara 661,440; kwa wastani wa nusu senti ya dola kila mara, hizo ni dola 3,307.20 kwa siku na dola 1,207,128 kwa mwaka. Zikigawanywa kwa maelfu ya nyimbo, kila wimbo unabaki na idadi ndogo isiyomshtua mtu, bila mlima kwenye mchoro wala uwiano wa ajabu. Shaka kuhusu namba hizo ilifikia hatua ya kusimamisha malipo mwaka 2023, na aliyesimamisha alikuwa Mechanical Licensing Collective, chombo cha Marekani kinachokusanya na kugawa mirabaha ya utunzi, ambacho kiliona malipo ya watu wengi kwa pamoja. Dashibodi ya msanii mmoja haina dirisha la kutazama huko.

Ukilinganisha na majukwaa mengine, Apple Music for Artists ina jambo moja ambalo Spotify haina, nalo ni takwimu za Shazam kwa miji. Mtu anayeinua simu ndani ya daladala ili kujua wimbo unaopigwa ni ushahidi mzuri wa uhai wake, na wimbo wenye mamilioni ya kusikilizwa bila Shazam popote unatia shaka. YouTube Studio, ambayo kwa wasanii wengi wa kwetu ndiyo yenye uzito kuliko zote, inakwenda mbali zaidi: inaonyesha watazamaji walidumu kwa muda gani, walianza kuondoka dakika ya ngapi, na wangapi waliletwa na matangazo ya kulipia. Kipengele hicho cha mwisho si cha kupuuzwa. Matangazo ni halali, lakini Septemba 2019 YouTube iliamua kuwa watazamaji walioletwa na matangazo wasihesabiwe tena kwenye chati za muziki wala kwenye rekodi za saa 24 za kwanza, baada ya miaka ya lebo kununua nafasi hizo. Spotify haimwonyeshi msanii kiwango cha watu walioruka wimbo kabla haujaisha, na sioni sababu nzuri ya kuendelea kuficha namba hiyo.

Deezer, ambayo wachache kwetu wanaitumia, imechukua njia ninayoiona kuwa na busara zaidi katika kulipa kuliko katika kuonyesha. Mfumo iliouanzisha Ufaransa mwaka 2023 huongeza mara mbili uzito wa msanii anayesikilizwa angalau mara 1,000 kwa mwezi na wasikilizaji tofauti wasiopungua 500, kwa hiyo anayetaka kudanganya analazimika kutengeneza watu na si kurudia wimbo tu. Mwaka 2025 kampuni hiyo ilitangaza kuwa nyimbo zilizotengenezwa na akili mnemba pekee ni takriban asilimia 0.5 ya usikilizwaji kwenye jukwaa lake, lakini hadi asilimia 70 ya usikilizwaji wa nyimbo hizo ni bandia. Natamani Spotify itoe hesabu ya namna hiyo, nchi kwa nchi.

Chartmetric na huduma zinazofanana nayo huonyesha historia ya wafuasi wa orodha na ya wasikilizaji wa mwezi wa msanii yeyote, hata asiye wako, na hilo lina maana kwa lebo inayotaka kumsajili kijana mwenye namba nono. Orodha iliyopata wafuasi 30,000 kwa siku moja haijifichi humo. Kwa meneja wa msanii mmoja au wawili, usajili wa kulipia ni gharama isiyo ya lazima. Dashibodi ya bure ya Spotify inamtosha kwa sehemu kubwa ya kazi, mradi asiiamini idadi ya kusikilizwa ikiwa peke yake. Afanye jambo moja zaidi ambalo chombo hakimkumbushi: kila mwezi apakue jedwali la orodha na la nyimbo na kulihifadhi kwake, kwa kuwa orodha chafu hubadilishwa jina au hufutwa, na akimwandikia msambazaji kuhusu orodha ngeni kabla msambazaji hajamwandikia yeye, jedwali hilo lenye tarehe ndiyo karatasi pekee atakayokuwa nayo mkononi.